Mlima Unaohesabiwa Nusu

Wakazi wa Morogoro, mji ambao wenyewe tumezoea kuusifu kuwa haukupungukiwa ila bahari, tangu zamani wamekuwa wakiutazama mlima wa Uluguru kwa jicho la mwenye kiu: wingu likitanda juu ya Lupanga na Bondwa husema mvua inakuja, na mto Morogoro ukipungua kina chini ya daraja husema miti imekatwa huko juu. Hesabu hiyo ya maji si ya uongo, kwa kuwa Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam, huzaliwa katika milima hiyo, na bwawa la Mindu, linalounywesha mji huu, hulishwa na Ngerengere na vijito vinavyoteremka upande wa magharibi. Baada ya hesabu ya maji ikaja hesabu ya miti, ambayo serikali huifanya kwa mipaka, vigingi na askari. Na katika miaka ya karibuni imetufikia hesabu ya tatu, ya kaboni, ambayo wanunuzi wa ng'ambo wako tayari kuilipia fedha za kigeni. Nathubutu kusema kwamba hesabu zote tatu ni nusu, kwa sababu zinaacha nje kitu kimoja kinachoamua kama maji yatatiririka, kama miti itasimama na kama kaboni itakaa mahali pake. Kitu hicho ni naitrojeni, na mahali pa kuitafuta si ndani ya msitu peke yake, bali pia katika mashamba yaliyochoka chini ya msitu.

Naitrojeni si kitu adimu. Katika kila sehemu mia za hewa tunayoivuta, 78 ni naitrojeni. Lakini chembe zake zimeshikamana mbili mbili kwa nguvu nyingi kiasi kwamba hakuna mti, wala mhindi, wala mnyama awezaye kuzitenganisha ili apate kuzila. Kazi hiyo huweza kufanywa na radi, na baadhi ya bakteria, ambao miongoni mwao wamo wale wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii ya mikunde. Na tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch walipoivumbua njia yake, hufanywa pia na viwanda vya mbolea kwa moto mkali na gharama kubwa. Kaboni, kinyume chake, mmea huipata bure kwa kufungua majani yake mchana. Hata hivyo jani haliwezi kuikamata kaboni hiyo bila ya protini na rangi yake ya kijani, na vyote viwili haviundwi bila ya naitrojeni. Kwa hiyo kila tani ya kaboni inayosimama katika magogo ya Uluguru ilipatikana kwa idhini ya kiasi kidogo cha naitrojeni kilichopatikana kwa taabu. Mnunuzi wa kaboni asiyeijua habari hii ananunua bidhaa asiyoujua mtaji wake.

Namna msitu unavyouhifadhi mtaji huo huonekana kwa macho, wala haihitaji maabara. Mtu akipanda kupita Morningside, juu ya mji, na kuingia kwenye kivuli cha msitu wenyewe, apige goti na kufunua ardhi kwa vidole polepole. Juu kabisa atakuta majani makavu ya msimu huu, mazima, yenye kuvunjika kwa mlio. Chini yake majani ya zamani zaidi, yaliyoliwa hata yakabaki mishipa mitupu, yameshikana kwa nyuzi nyeupe za kuvu zilizo nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Chini ya hayo, mboji nyeusi yenye unyevu na harufu nzito, imejaa vijizizi vilivyosukana kiasi kwamba ukivuta kimoja hufuatana vingi. Na kabla kina hakijafika shibiri mbili tatu, weusi hufifia na udongo mwekundu au wa manjano, mkavu wa rutuba, ukaanza. Mali yote ya msitu, kwa upande wa chakula, imo katika tabaka hilo jembamba la juu. Miti mirefu tunayoistaajabia kutoka mjini haikulishwa na kina cha mlima. Hujilisha kwa kurejeza chini na kuchukua tena kile kile ilichokuwa nacho, mwaka baada ya mwaka.

Ndani ya tabaka hilo kuna biashara kali isiyokuwa na huruma. Jani lililoanguka lina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, na vijidudu wanaolila huhitaji vyote viwili ili kujenga miili yao. Basi huikumbatia naitrojeni yote wanayoipata, hata ya jirani, mpaka kaboni ipungue kwa kupumuliwa kurudi hewani, na hapo ndipo huiachilia ziada, ambayo mizizi huinyakua kabla maji hayajaichukua. Juu milimani, ambako kuna baridi na unyevu usiokatika, biashara hiyo huenda pole mno. Ndiyo maana Edmund Tanner, Peter Vitousek na Elvira Cuevas, walipokusanya mwaka 1998 matokeo ya majaribio ya kutia mbolea katika misitu ya milima yenye mvua ya nchi za joto, walionyesha kwamba misitu ya namna hiyo aghalabu huzuiliwa kukua na uhaba wa naitrojeni. Msitu wa mlima, basi, ni tajiri mwenye njaa: umejaza akiba ardhini, ila akiba hiyo hutolewa kwa kibaba.

Katika milima yetu wenyewe elimu hii ina watu walioihangaikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwako hapa Morogoro, katika Kitivo cha Kilimo ambacho baadaye kilikua kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mwalimu kutoka Hungaria, Tamás Pócs, bingwa wa mimea midogo laini ya kijani inayofunika magome na matawi. Watu wengi wangedhani kuwa ni kazi ya kipuuzi kupanda Bondwa ili kupima uzito wa vitu ambavyo mkata kuni huvikwangua kwa kisu na kuvitupa. Yeye alivipima, na mwaka 1980 akachapisha hesabu yake: katika msitu wa kimo cha kati, mimea inayoishi juu ya miti ilikuwa na uzito mkavu wa kilo 2,130 kwa hekta, na katika ule msitu mfupi wa kileleni, uliopinda na kufunikwa na ukungu, uzito ulifikia kilo 13,650 kwa hekta. Mimea hiyo ya kileleni, alisema, huweza kuzuilia katika mvua moja kiasi cha lita 50,000 za maji kwa hekta, na ile ya chini lita 15,000. Mimea ya namna hiyo haina mizizi iliyoshuka ardhini. Riziki yake huipata katika mvua, ukungu na vumbi la hewani, nayo inapokufa na kuanguka huikabidhi ardhi hiyo riziki, pamoja na naitrojeni iliyomo. Mtu mmoja aliyejishughulisha na vitu vidogo alitufahamisha kwa tarakimu kwa nini mto hutoka mlimani wakati wa kiangazi.

Kizazi kilichofuata kikaigeukia kaboni. Mwaka 2004 Pantaleo Munishi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, pamoja na Mmarekani Theodore Shear, walitoa hesabu ya kaboni iliyowekwa katika misitu ya Usambara na Uluguru, miti kwa udongo, nayo ikatoka mamia ya tani kwa hekta moja. Lililo kubwa katika kazi hiyo, kwa maoni yangu, si wingi wa tani, bali ni kwamba udongo ulitiwa katika mizani pamoja na miti. Mtu aliyezoea kuuona msitu kwa magogo yake hushangaa kuambiwa kwamba sehemu kubwa ya mali imelala chini ya miguu yake, nyeusi na isiyokuwa na sura, na kwamba mali hiyo huweza kupotea hata baada ya miti kupandwa upya.

Sasa natuuangalie msitu huo unapofyekwa na kuchomwa moto ili kupata shamba. Moto huipeleka kaboni hewani, na pamoja nayo sehemu kubwa ya naitrojeni iliyokuwamo katika majani na matawi; majivu huachia ardhi chokaa, potasiamu na fosforasi, na kuupunguzia udongo ukali wake. Jua likiipiga mboji iliyozoea kivuli, vijidudu huchangamka na kuila kwa pupa, na ile naitrojeni iliyokuwa ikitolewa kwa kibaba humwagika kwa debe. Mahindi na maharage ya msimu wa kwanza hustawi kwa namna ambayo haikuonekana katika shamba la chini kwa miaka mingi. Kwa hiyo mkulima anayepanda juu hakudanganyika na macho yake wala hakufanya hivyo kwa ujinga. Ameona rutuba ya kweli na ameifuata. Bahati mbaya ni kwamba rutuba hiyo ni akiba ya mamia ya miaka inayoliwa katika misimu michache, na asiyoila yeye huliwa na mvua, kwa maana naitrojeni ikiisha kugeuka kuwa naitreti haishikiki na udongo, bali hufuata maji popote yaendapo.

Jambo hili lilithibitishwa kwa namna ya wazi kabisa mbali na hapa, katika misitu ya Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire, Marekani. Herbert Bormann, Gene Likens na wenzao walichagua bonde dogo lenye kijito chake, wakaikata miti yote mwishoni mwa mwaka 1965, wakaiacha ilale palepale, na kwa miaka mitatu wakazuia kwa dawa kisiote kitu. Naitreti katika kijito iliongezeka mara 41 katika mwaka wa kwanza na mara 56 katika mwaka wa pili, hata maji yakapita kiwango kinachoruhusiwa kwa kunywa. Hapakuwa na mbolea iliyotiwa, wala ng'ombe, wala kiwanda. Ilikuwa ni akiba ya msitu wenyewe iliyokosa mizizi ya kuipokea. Mluguru hapigi dawa kuzuia mimea isiote, na shamba lake lina mazao ya kupokea sehemu ya naitrojeni hiyo, basi mfano si sawa kwa kila hali. Ila kanuni ni moja, na mteremko wetu ni mkali, na mvua zetu za masika ni nzito.

Wala kilichokwenda na moshi hakikupotea duniani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, wakiongozwa na Marijn Bauters, walieleza mwaka 2018 kwamba misitu ya Kongo hupokea kutoka angani kiasi cha kilo 18 za naitrojeni kwa hekta kila mwaka, na sehemu kubwa yake inatokana na mioto ya mbuga na mashamba. Watu huchoma hapa, na msitu wa mbali ukalishwa kisichokuwa chake, ilhali shamba la aliyechoma likabaki na njaa. Kila jioni ya Septemba na Oktoba, tunapoiona miteremko yetu ikiwaka kama mstari mwekundu juu ya mji, tunachokiona ni mbolea isiyolipiwa na mtu ikihamishwa kutoka kwa maskini anayeihitaji.

Si mara ya kwanza watawala kutaka kuiokoa Uluguru bila ya kuuliza habari za rutuba. Mwaka 1950 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ambao nguzo yake ilikuwa kuwalazimisha watu kuchimba matuta mapana ya kukata mlima. Mhandisi akiyatazama matuta hayo kwenye karatasi atayasifu: maji husimama, udongo haushuki. Lakini katika miteremko ambayo udongo wake mzuri ni shibiri chache tu, kuchimba tuta pana ni kulizika lile tabaka jeusi chini na kuufunua ule udongo mwekundu usiokuwa na kitu juu, kisha kumwambia mkulima apande humo. Mazao yalikataa, kazi ilikuwa ya kulazimishwa, na chuki ikakusanyika mpaka Julai 1955, ambapo umati ulijikusanya Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango wenyewe ukafikia kikomo. Vitabu vya siasa huisimulia habari hiyo kuwa ni sehemu ya mwamko wa kudai uhuru, na ndivyo ilivyokuwa; ila ilikuwa pia ni hukumu ya wakulima juu ya udongo, nao walikuwa na haki.

Hasa kwa kuwa walikuwa na njia yao. Katika sehemu nyingi za Uluguru mkulima hujenga ngazi, ambazo ukiziangalia kwa mbali ni mistari midogo midogo inayokata mteremko. Hufyeka magugu na mabua, akayalaza mstari kwa mstari. Kisha kwa jembe huvuta udongo wa juu na kuyafunika, na juu ya tuta hilo jembamba akapanda. Kaboni ya mabua inakuwa chakula cha vijidudu, naitrojeni ya magugu mabichi inabaki palepale yalipoota, maji ya mvua yanapunguzwa mbio, na msimu unaofuata tuta lile linavunjwa na kusogezwa, nayo mboji iliyotengenezwa ndani yake ikawa ndiyo sakafu ya mazao mapya. Hapana budi kukiri kwamba ngazi peke yake haizuii mmomonyoko wote katika mteremko mkali, wala haitoshi kulisha shamba linalolimwa kila mwaka bila ya kupumzika, na wataalamu wa Sokoine waliopima udongo unaoshuka katika miteremko ya kaskazini wanalijua hilo vizuri. Lakini mtu aliyeibuni alielewa kwa jembe kile ambacho afisa wa 1950 hakukielewa kwa elimu yake: kwamba huwezi kuutengeneza mlima kwa kuizika rutuba yake.

Gharama ya kupuuza udongo iliandikwa upya huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima hii, tarehe 23 Februari 1970. Katika muda usiozidi saa tatu ikanyesha mvua ya milimita 100 hivi, na milima ikavunjika katika maporomoko zaidi ya 1,000, ambayo wanajiografia Paul Temple na Anders Rapp waliyachunguza na kuyaandika. Karibu yote yalianzia katika mashamba na nyasi. Yaliyoanzia chini ya miti yalikuwa akali sana. Mahali pasipo na mizizi mirefu ya kuufunga udongo, mvua moja ilichukua kwa alasiri moja kilichotengenezwa kwa karne nzima, ikakipeleka mtoni kuwa tope.

Tangu hapo tumejifunza kulinda. Mwaka 2008 misitu ya hifadhi ya Uluguru iliunganishwa ikawa hifadhi ya mazingira asilia, ambayo leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na bila ya ulinzi huo huenda Lupanga ingekuwa imekwisha kuwa kipara. Sisemi askari waondolewe. Nasema kwamba askari husimama mpakani, na kinachomsukuma mtu kuuvuka mpaka hakipo mpakani. Kipo katika shamba lake la chini, ambalo miaka 20 iliyopita lilimpa magunia na leo linampa debe. Maadamu shamba hilo linaendelea kupungua naitrojeni kila msimu, mpaka utavukwa usiku kama hauvukiki mchana, na kila kizazi kitahitaji askari wengi zaidi kuliko kilichotangulia.

Na tunaweza kusema kwa hakika naitrojeni hiyo inakwenda wapi, kwa kuwa inapita mbele ya macho yetu. Alfajiri hushuka kutoka Nyandira, Langali na Tchenzema, huko Mgeta, magari yaliyojaa kabichi, karoti, njegere na viazi, yakaingia Soko Kuu la Chifu Kingalu, na mengine yakapitiliza hadi Dar es Salaam. Kabichi ni naitrojeni na maji vilivyokunjwa pamoja. Majani ya nje huchambuliwa na kurundikwa nyuma ya soko, yakaoza mchana mzima kwenye jua, kisha yakabebwa hadi dampo pamoja na mifuko na chupa. Na magari hurejea mlimani yakiwa na sukari, sabuni na saruji, wala hayarejeshi hata gunia moja la kile yalichokishusha. Mji huu unakula rutuba ya mlima kila siku na kuilipia bei ya mboga tu. Kisha tukiona shamba jipya limefyekwa kule juu, twamlaumu mkulima.

Ndipo hapa ninapoiuliza biashara ya kaboni swali langu. Kanuni za kuisimamia zilitolewa mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kimo hapa hapa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine. Tena tumesikia sote namna vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vilivyojenga zahanati na madarasa kwa fedha za kaboni ya misitu yao. Ni habari njema, na wenye vijiji wanastahiki pongezi. Lakini Katavi ni nchi pana yenye watu wachache kwa kulinganisha, na Uluguru ni mlima uliobanwa na watu waliolima kila kipande kinacholimika, ambao ardhi yao hurithiwa kwa ukoo wa mama na kugawanywa vipande vidogo. Fedha za kaboni zikija hapa na kulipia miti tu, zitajenga darasa zuri, na mwanafunzi wa darasa hilo atakaporudi nyumbani atalikuta shamba lilelile lililochoka na baba yuleyule anayeutazama msitu kwa jicho lilelile.

Tulikwisha kuonja njia iliyo bora zaidi. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha huko Kibungo Juu, kwenye vyanzo vya Ruvu, mpango wa kuwalipa wakulima kwa huduma ya kulinda maji, na miongoni mwa walipaji walikuwamo shirika la maji la Dar es Salaam na kampuni ya kutengeneza vinywaji. Wakulima walilipwa kwa kazi iliyofanywa ndani ya mashamba yao: matuta yanayofaa mteremko, miti iliyochanganywa na mazao, samadi. Fikra ya mpango huo ilikuwa sahihi, kwani ilimtambua mkulima kuwa ni mtoa huduma, na shamba kuwa ni sehemu ya chanzo cha maji. Udhaifu wake ni ule wa miradi yote ya msaada, kwamba uhai wake ulitegemea walipaji wachache na muda wa mradi, ilhali udongo hautibiki kwa miaka mitatu.

Wako watakaojibu kwamba dawa ya shamba lililochoka ni mbolea ya dukani, na kwamba serikali imekwisha kuitolea ruzuku tangu mwaka 2022. Ruzuku hiyo naiunga mkono. Ila urea inayotupwa juu ya udongo uliokwisha mboji, katika mteremko wa Mgeta, ni mgeni asiye na mahali pa kulala: kiasi hunyonywa na mazao, kiasi huyeyuka na kwenda mtoni, na kiasi hugeuzwa na bakteria kuwa oksidi ya naitrojeni, hewa ambayo kwa uzito ulio sawa hulitia joto anga zaidi ya mara 250 kuliko hewa ukaa. Kinachoishika naitrojeni shambani ni kaboni, yaani mboji. Na kinachoileta mboji ni mabua, majani na samadi. Fauka ya hayo, bei ya urea hufuata bei ya gesi na habari za vita vya Ulaya, kama tulivyoona mwaka huo huo wa 2022, na si busara kuutundika mlima mzima kwenye uzi unaoshikwa na wengine. Mbolea ya dukani iwe nyongeza ya mzunguko wa shamba. Haiwezi kuwa badala yake.

Vilivyo mikononi mwetu si haba. Mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwe, walioletwa Mgeta katika miaka ya 1980 kwa juhudi za wanachuo wa Sokoine na wenzao wa Norwe, hufugwa bandani, hulishwa majani ya kukatwa, na samadi yao huingia shambani bila ya mnyama kukanyaga mteremko. Fiwi, mbaazi, kunde na marejea, ambazo zinajulikana na bibi zetu au na wamisionari wa Peramiho, huivuta naitrojeni ya hewani bila ya risiti ya duka. Ngazi za kufukia magugu zinahitaji tu mtaalamu aziboreshe kwa heshima badala ya kuzidharau. Na taka za soko zinahitaji mtu wa kuzitenga, kuzigeuza mboji na kuzipa nafasi katika gari linalorudi Nyandira.

Kinachokosekana ni mwenye wajibu, na kwa hiyo nautaja wajibu kwa majina. Halmashauri ya Manispaa itenge taka zote za mboga za Soko la Kingalu na kuzigeuza mbolea ya mlima, tena iandike katika vitabu vyake ni tani ngapi zilizorudi. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na mamlaka za maji za Morogoro na Dar es Salaam zitenge katika ankara zetu fungu dogo la kudumu, lilipwe kwa wakulima wa kandokando ya hifadhi kwa kadiri udongo wao unavyorudi kuwa mweusi. Chuo Kikuu cha Sokoine, chenye watu wanaojua kupima, kipime naitrojeni na kaboni katika mashamba hayo kwa bidii ile ile kinayopimia miti ya hifadhi, na matokeo yapelekwe mikutano ya vijiji kwa Kiswahili kabla hayajapelekwa majarida ya nje. Na mkataba wowote wa kaboni utakaoihusu Uluguru uandikwe kwa sharti kwamba sehemu isiyopungua nusu ya fedha iende katika mashamba ya chini, maana huko ndiko msitu unakopotelea.

Najua kwamba samadi si neno la kupendeza katika hotuba, na kwamba waziri hupigwa picha akipanda mti, si akifukia magugu. Hata hivyo tumekwisha kuitetea Uluguru kwa amri mwaka 1950 na kwa vigingi baada yake, na mara zote tulimwacha mkulima na jembe lake nje ya hesabu. Msitu utalindwa na shamba linaloshiba. Na bajeti yoyote ya kuihifadhi Uluguru itakayosomwa mbele yetu bila ya kifungu cha rutuba ya mashamba irudishwe kwa walioiandika, wakaiandike upya.